Farasi wa Mbao Hahifadhiwi Peke Yake

Tarehe 1 Julai 2024 kampuni mbili kubwa za viwanja vya burudani za Marekani, Six Flags na Cedar Fair, ziliungana kuwa kampuni moja. Mei 2025 kampuni hiyo ikatangaza kwamba itakifunga kiwanja chake cha Six Flags America katika jimbo la Maryland, na tarehe 2 Novemba mwaka huo kikafungwa. Kwa msomaji wa Unguja au Pemba habari hizi zinaweza kuonekana kuwa hesabu za wafanyabiashara wa mbali, lakini ndani yake limo jambo linalowatia wasiwasi watu wengi wanaopenda kazi za mikono za kale. Kwa kuungana huko, kampuni moja imejikuta inamiliki pembea nyingi za farasi wa mbao, zile zinazozunguka kwa muziki huku watoto wamekaa juu ya migongo ya wanyama waliochongwa kwa mkono, ambazo umri wake unakaribia au umeshapindukia miaka mia moja. Ipo ya 1912, kazi ya mchongaji Daniel Muller, katika kiwanja cha Cedar Point kule Ohio. Ipo ya 1908 huko Georgia, ambayo mwanzo ilikuwa Chicago katika kiwanja cha Riverview mpaka kilipofungwa 1967. Zipo nyengine za 1917, 1923, 1926 na 1928, zote zilizotoka katika karakana moja ya Philadelphia. Maisha ya kazi zote hizo sasa yanategemea maamuzi ya bodi moja, na bodi hiyo imeshaonesha kwamba iko tayari kufunga viwanja.

Jambo hili linapozungumzwa kwetu, mara nyingi husikika kauli mbili. Ya kwanza inasema kwamba watu wazima wa nchi tajiri wanaililia michezo yao ya utotoni, na kwamba kilio hicho hakina uzito mbele ya majumba yanayoanguka na maradhi yanayokosa dawa. Ya pili, ambayo husemwa na watu wenye nia njema zaidi, inakubali kwamba farasi hao ni sanaa, na kwa sababu hiyo inataka waondolewe katika kelele na vurugu za watoto wakawekwe makumbusho, nyuma ya kioo. Naona kauli zote mbili zimekosea mahali pamoja, kwa kuwa zote zinamtazama farasi mmoja mmoja. Pembea ya farasi ni chombo kizima, kama jahazi lilivyo chombo kizima, na uhai wake umo katika ukamilifu wake na katika kuzunguka huku imepandwa. Kilichoziua nyingi kati ya pembea hizo, zaidi ya miguu ya watoto na zaidi ya umri wa mbao, ni uamuzi wa kuzigawa vipande au kuzisimamisha. Nasema pia kwamba sisi Wazanzibari, tulioona milango ikitenganishwa na nyumba zake, tuna sababu ya kulielewa jambo hili mapema kuliko wengi.

Asili ya pembea hizi ni mazoezi ya wapanda farasi. Mwaka 1662 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifanya maonesho makubwa ya wapanda farasi mbele ya kasri la Tuileries mjini Paris, na uwanja ulipo hapo hadi leo unaitwa Place du Carrousel. Katika michezo ya namna hiyo mpanda farasi alitakiwa kuipata pete iliyotundikwa, kwa ncha ya mkuki, huku farasi wake anakwenda mbio. Na kwa ajili ya mazoezi wakatumiwa farasi wa mbao waliozungushwa kwenye mhimili. Mchezo wa makabaila ukageuka taratibu kuwa starehe ya watoto wa kila mtu. Alama ya asili hiyo haijafutika: katika mji wa Oak Bluffs, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, ipo pembea ya 1876 ambayo wapandaji wake bado hunyoosha mkono kuzinyakua pete wanapopita, na mwenye kuipata ya shaba hupewa zamu nyengine bila ya malipo.

Huko Uingereza aliyetukuka kwa kazi hii ni Frederick Savage wa mji wa King's Lynn, ambaye katika nusu ya pili ya karne ya 19 alitengeneza pembea zilizoendeshwa kwa mvuke. Huko Marekani kazi ilibebwa na wahamiaji. Gustav Dentzel, aliyetoka Ujerumani, alianza biashara yake Philadelphia mwaka 1867. Charles Looff aliweka pembea ya kwanza ya Coney Island, New York, mwaka 1876. Na mwaka 1904 ikaanzishwa Philadelphia Toboggan Company, karakana ile niliyoigusia juu. Miili ya farasi hawa haikuchongwa katika gogo moja. Mafundi waligundisha mbao laini zikawa kama sanduku lenye uwazi ndani, ili mnyama awe mwepesi na mbao zisipasuke, kisha wakachonga kichwa na miguu mbali na kuviunganisha, na mara nyingi mkia ukawa wa singa za farasi wa kweli. Juu ya vichwa vya wapandaji kuna vyuma vilivyokunjwa mithili ya krenki, na kadiri vinavyozunguka ndivyo farasi anavyopanda na kushuka. Katika pembea za Dentzel wamo pia simba, twiga na mbuni, wanyama wa bara letu, waliochongwa kwa uangalifu mkubwa na mafundi wa Philadelphia kwa ajili ya watoto ambao wengi wao hawakupata kuwaona.

Ipo sifa moja ya ufundi huu ambayo naiona ni ufunguo wa mjadala wote. Pembea za Marekani huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, na za Uingereza huzunguka kwa mwendo wa saa. Kwa hiyo farasi wa Marekani anaonekana na watazamaji kwa ubavu wake wa kulia, na wa Uingereza kwa ubavu wa kushoto. Mchongaji alilijua hilo, na akaupamba ubavu wa nje kwa manyoya ya shingo yanayopeperuka, mawaridi, mikanda ya matandiko na vioo vya rangi, akauacha ubavu wa ndani na mapambo machache. Vilevile farasi wa safu ya nje ndio wakubwa na wenye madaha, na wa safu za ndani ni wadogo na wa kawaida zaidi. Yaani kila mnyama alichongwa akijulikana atasimama wapi, atatazamwa kutoka wapi, na jirani yake atakuwa nani. Mtoe mmoja umuweke sebuleni, na utakuwa na mchongo mzuri ambao sababu ya uzuri wake imepotea. Tena anayetolewa huwa ni yule wa safu ya nje, mwenye bei. Wale wadogo wa ndani, ambao ndio waliopandwa na watoto wadogo zaidi, hawana mnunuzi wa kuwagombania.

Kwa Mzanzibari maelezo haya si mageni. Mlango wetu wa kuchonga nao ulitengenezwa kwa ajili ya nyumba maalumu na mtaa maalumu. Inasimuliwa kwamba katika ujenzi wa nyumba kubwa za Mji Mkongwe mlango ndio uliokuwa ukisimamishwa mwanzo, na kuta zikafuata. Minyororo ya kuchonga kwenye miimo, mawaridi, maandishi ya juu ya kizingiti, vyote vilimwambia mpita njia nani anaishi ndani. Mafundi wake walikuwa wa asili mbalimbali, Waswahili, Wahindi na Waarabu, na kazi ya dini na kazi ya pambo zilipita katika mikono ileile. Ndivyo ilivyokuwa na pembea za New York. Marcus Illions, Charles Carmel na washirika wawili Stein na Goldstein walikuwa Wayahudi waliohama Ulaya ya Mashariki, na wachongaji wa jamii hiyo ndio waliochonga simba wa kupamba masinagogi na ndio waliochonga farasi wa Coney Island. Mwenye kusema kwamba hii ni michezo ya watoto tu hana budi aeleze kwa nini mkono ule ule uheshimiwe kwenye mlango wa nyumba ya ibada na udharauliwe kwenye mgongo wa farasi.

Zama nzuri za pembea hizi zilidumu takriban kuanzia miaka ya 1880 hadi kuporomoka kwa uchumi wa dunia baada ya 1929. Viwanja vikafungwa, mafundi wakakosa oda, na zilizobaki zikaendelea kuzunguka kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kuziondoa. Pigo kubwa zaidi lilikuja baadaye, na hapa ndipo penye somo. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakusanyaji wa sanaa ya kale walianza kuwathamini farasi hawa, na kuthaminiwa huko kukawaletea balaa. Farasi mmoja wa mchongaji mashuhuri aliweza kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na jumla ya bei za wanyama mmoja mmoja ikapita bei ya pembea nzima. Tangu hapo pembea nyingi ziliingia mnadani zikiwa nzima na kutoka zimetawanyika katika majumba ya watu. Marekani ilikuwa na maelfu ya pembea za mbao. Leo zinazozunguka bado hazifiki mia mbili. Mapenzi ya wakusanyaji yalikuwa ya kweli, na sina sababu ya kuwatilia shaka, lakini yalielekezwa kwa kipande, na yakakimaliza kizima.

Mfano wa Idora unaonesha jinsi uzi ulivyokuwa mwembamba. Kiwanja cha Idora Park katika mji wa Youngstown, Ohio, kilikuwa na pembea ya 1922 yenye farasi 48, ya kwanza ya aina yake kuingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya mahali pa kihistoria, mwaka 1975. Moto ulikiharibu kiwanja hicho Aprili 1984, na Oktoba ya mwaka huohuo mali zake zikanadiwa. Kuwemo katika orodha hakukuizuia pembea kufika mnadani. Ilinusurika kwa sababu David Walentas na mkewe Jane waliinunua nzima, kwa dola 385,000. Jane Walentas alitumia miaka zaidi ya ishirini kuondoa matabaka ya rangi na kuirejesha sura yake ya mwanzo, na mwaka 2011 ikafunguliwa kwa wananchi kando ya mto huko Brooklyn, ndani ya banda la kioo lililosanifiwa na Jean Nouvel. Mwaka uliofuata kimbunga Sandy kilileta maji mpaka pembezoni mwa banda hilo, na pembea ikapona tena. Waliopo Youngstown, hata hivyo, wameipoteza. Watoto wa mji ambao wazee wake waliilipia nauli pembea hiyo kwa zaidi ya miaka sitini sasa wanapaswa kusafiri hadi New York kuiona. Nalitaja hili kwa sababu hata uokozi bora kabisa una gharama, na gharama hiyo hulipwa na mji ulioachwa.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka mahali pa kawaida kabisa. Mwaka 1928 wilaya ya Kit Carson, eneo la wakulima mashariki mwa Colorado, ilinunua kwa dola 1,250 pembea ya 1905 kutoka kiwanja cha Elitch Gardens cha Denver, ambacho kilikuwa kikiiacha. Wananchi wengi waliona viongozi wao wamefuja fedha. Uchumi ulipoanguka pembea hiyo ilisimama kutoka 1931 hadi 1937, na jengo lake likatumiwa kuwekea malisho ya mifugo. Panya wakaingia hata ndani ya kinanda chake kikubwa cha Wurlitzer. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na fedha za kuwapaka upya wanyama wake 46, na kwa sababu hiyo rangi za mwanzo, ambazo kwengineko zimezikwa chini ya matabaka mengi, zilibaki. Matengenezo ya kweli yalianza miaka ya 1970, na 1987 ikatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Mwaka 1981 wezi waliiba wanyama wanne, kwa kuwa wezi nao walikuwa wamejifunza bei ya mnyama mmoja mmoja. Wanyama hao walipatikana na kurudishwa. Tunachopaswa kukiona hapa ni kwamba mwaka 1928 kitu hicho hakikuwa cha kale. Kilikuwa mashine iliyotumika, yenye umri wa miaka 23, iliyokuwa ikitolewa njiani ipishe mpya. Kila kitu cha kale hupitia kipindi hicho cha kuonekana kikuukuu tu, na vingi hufia hapo.

Sasa nizitazame hoja za upande wa pili, kwa kuwa zipo na nyengine zina nguvu. Hoja ya mwenye mali naiheshimu. Pembea ya mbao inahitaji fundi, bima, kinga ya moto na nafasi kubwa ya ardhi, na nauli yake ni ndogo. Mashine mpya ya kasi huleta wageni wengi zaidi. Kumwambia mmiliki abebe hasara milele kwa ajili ya kumbukumbu za wengine si haki. Lakini hoja hii inathibitisha tu kwamba mmiliki ana haki ya kuuza. Haithibitishi kwamba jamii haina haki ya kupewa muda wa kununua kitu kikiwa kizima. Kiwanja cha Crescent Park cha East Providence, Rhode Island, kilipofungwa 1979, wakaazi walisimama kuitetea pembea ya Looff ya 1895, na ipo palepale hadi leo. Kiwanja cha Glen Echo cha Maryland kilifungwa 1968, pembea yake ya Dentzel ya 1921 ikauzwa, na majirani wakachangishana fedha wakaikomboa. Katika mahali pote pawili waliokuwa na uwezo wa kuokoa walikuwepo. Walichohitaji ni kujua mapema na kupewa nafasi.

Hoja ya wataalamu wa uhifadhi ndiyo ngumu zaidi, na sitajidai kwamba nina jibu la kuimaliza. Wanasema kwamba matumizi hula. Kila kiatu cha mtoto hukwaruza rangi, kila mkono hulainisha sikio la farasi, na kila ukarabati huondoa kitu ambacho mchongaji alikiacha. Hayo ni kweli. Zipo pembea chache, kama ile ya Kit Carson yenye rangi zake za asili, ambazo zinastahili kupandwa kwa vipimo, kufungwa katika miezi ya baridi, na kulindwa kwa vanishi inayoweza kuondolewa bila ya kuidhuru rangi ya chini. Lakini kusimamishwa nako kunakula, na kunakula kimyakimya. Pembea isiyozunguka haina fundi anayesikiliza beringi yake kila asubuhi; haina mtu wa kugundua kwamba kiungo cha mguu kimelegea au paa limeanza kuvuja; na haina wananchi wanaouliza fedha za matengenezo zimekwenda wapi. Elimu ya kuitunza nayo huondoka na fundi wa mwisho. Sisi tuna Beit al-Ajaib mbele ya macho yetu. Sehemu ya jengo hilo la 1883 iliporomoka 2012, likafungwa kwa wageni, likakaa miaka likisubiri, na tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya matengenezo inaendelea, upande mkubwa ukaanguka na watu wakapoteza maisha. Sisemi kwamba kufungwa ndiko kulikoliangusha, maana sababu za kuanguka kwa jengo ni nyingi. Ninachosema ni kwamba kufunga mlango peke yake hakujawahi kuwa uhifadhi, na kitu kilichoondolewa katika matumizi ya kila siku kinahitaji walinzi wengi zaidi, wakati ambapo kwa kawaida hubakiwa na wachache zaidi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: kwamba mtoto hajui tofauti, na kwa hiyo farasi wa faibaglasi kutoka kiwandani anatosha. Nusu ya kwanza naikubali. Mtoto wa miaka minne atafurahi juu ya farasi yeyote anayepanda na kushuka, na viwanja vipya vyenye pembea za faibaglasi havina kosa lolote. Kosa ni kudhani kwamba mambo yaliyotokea juu ya chombo fulani yanaweza kuhamishiwa kwenye nakala yake. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi waliokuwa wakipinga ubaguzi wa rangi walipanda pembea ile ya Glen Echo, kiwanja ambacho wakati huo kilikuwa cha watu weupe peke yao, wakakataa kushuka, wakakamatwa. Kiwanja kilifunguliwa kwa watu wote mwaka uliofuata, na mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani ikabatilisha hukumu walizopewa. Tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile maandamano makubwa ya haki za raia yalipofanyika Washington, kiwanja cha Gwynn Oak cha Baltimore nacho kiliacha ubaguzi, na mtoto mchanga Sharon Langley, ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja, akapandishwa kwenye pembea yake huku baba yake amemshikilia. Pembea hiyo baadaye ilihamishiwa katikati ya jiji la Washington, kwenye uwanja wa National Mall. Ilitengenezwa 1947, nje ya zama zile za wachongaji wakubwa, na mpima bei wa mnadani angeiweka chini sana katika orodha yake. Hata hivyo hakuna nakala, iwe nzuri namna gani, ambayo Sharon Langley aliipanda siku ile. Mtoto anayeipanda hana haja ya kulijua hilo. Inatosha kwamba atakapokuwa mkubwa na kuambiwa, kitu chenyewe kitakuwepo cha kumuonesha.

Hapa msomaji atauliza: yote haya yanatuhusu nini, ilhali Zanzibar haina pembea ya Dentzel wala ya Looff? Yanatuhusu kwa sababu nasi tuna viwanja vya kufurahishia watoto na tuna desturi ya pembea iliyofungamana na sikukuu zetu. Mtoto wa Unguja hupewa mkono wa Idi, huvishwa nguo mpya, na jioni hupelekwa Mnazi Mmoja au Kariakoo. Wa Pemba hupelekwa Tibirinzi. Mimi ni mmoja wa waliolelewa na Kariakoo hiyo, na kila ninapokutana na watu wa rika langu, mazungumzo ya sikukuu hufika kwenye pembea kabla hayajafika kwenye chakula. Viwanja hivi vimekuwa vikifanyiwa matengenezo na kuwekewa mashine mpya, jambo ambalo ni jema na la lazima, kwa kuwa usalama wa mtoto unatangulia. Swali ambalo sijalisikia likiulizwa ni hili: mashine ya zamani inapoondolewa, nani anaamua inakwenda wapi, na kwa kipimo gani? Kwa kawaida kitu kama hicho hupimwa kwa uzito wa chuma. Ni kipimo kilekile, kwa maana yake, na kile cha mnada wa Marekani, maana vyote viwili vinauliza kipande kimoja kina thamani gani, na hakuna kinachouliza chombo kizima kilifanya nini katika maisha ya mji.

Kuna pia jambo la mafundi, ambalo nalipa uzito mkubwa kuliko hata mashine zenyewe. Visiwa hivi bado vina maseremala wanaochonga milango na makasha, na wengi wao sasa wanachonga kwa ajili ya mahoteli na wageni. Sioni kwa nini kiwanja cha watoto cha Unguja au Pemba kisiwe na hata pembea moja ndogo, ya kuzungushwa taratibu, ambayo wanyama wake wamechongwa hapahapa: punda wa Mji Mkongwe, ng'ombe wa mchezo wa Pemba, paa nunga, pomboo wa Kizimkazi, kima punju wa Jozani. Philadelphia ya Dentzel ilikuwa na mafundi wanaojua kuchonga na watoto wanaotaka kupanda, na masharti hayo mawili tunayo. Gharama itakuwa kubwa kuliko ya kuagiza faibaglasi, lakini matengenezo yake yatafanywa na mtu anayeishi Ng'ambo au Wete, wala hayatasubiri kipuri kutoka ng'ambo ya bahari.

Kwa zilizopo, mambo ya kufanya si mengi na hayahitaji sheria mpya. Kila kiwanja kinachotaka kubadilisha mashine kianze kwa kuziandika zile za zamani: zilitoka wapi, ziliwekwa lini, fundi gani aliyezitunza, na zipigwe picha zikiwa bado zimesimama mahali pake. Orodha hiyo ifike Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kabla ya zabuni ya kuuza kutangazwa, na wananchi wapewe miezi ya kutosha kusema kama kuna wanachotaka kibaki. Kitakachouzwa kiuzwe kizima, na mkataba useme hivyo. Mafundi waliozihudumia mashine hizo kwa miaka warekodiwe sauti wakieleza kazi yao, wakiwa hai. Na pale ambapo mashine haifai tena kupandwa na watoto, na fundi amethibitisha hivyo kwa maandishi, ibakizwe moja, nzima, ndani ya kiwanja kilekile ilichokuwemo, pamoja na fundi mmoja aliyepangiwa kuipaka mafuta na kuizungusha mbele ya watu siku ya Idi mosi.